Chupa Nane za Hewa ya Rungwe

Tangu nirudi, kila anayepita mezani kwangu anauliza lile lile: Zuhura, ilikuwaje safari ya siku tano ikala siku kumi na mbili? Nimesimulia vipande vipande, nikikatizwa na simu na vikombe vya chai, na sasa nasikia vipande hivyo vinanirudia vikiwa vimetiwa chumvi. Eti nilipigwa mawe. Eti nililala pangoni. Basi nimekaa nikaandika, someni wenyewe. Ya vibali na hati za safari mnayajua, nayaruka.

Dar es Salaam hadi Mlimba

Kwa wenzetu wa ghorofa ya chini ambao hawajui: idara yetu ilikuwa na kituo kimoja kilichojitenga na vingine vyote, kibanda cha mbao na bati juu kwenye Mlima Rungwe, pale msitu unapokwisha na majani ya baridi yanapoanza. Kilijengwa huko makusudi, mbali na moshi wa magari na wa majiko, ili hewa inayopimwa iwe ile inayovuma kutoka mbali. Mtu mmoja ndiye aliyekikaa, Mzee Ambakisye. Kila asubuhi saa tatu alinisomea kwa redio joto, upepo, mvua na mawingu. Na mara moja kila mwezi alichukua chupa ya kioo kinene yenye koki mbili, akauacha upepo upite ndani, akafunga koki, akaandika tarehe. Chupa hizo zilingoja kupelekwa maabara ya ng'ambo, wanakopima moshi wa dunia umeongezeka kiasi gani.

Kwa miaka minne nilimsikia kila siku bila kumwona sura. "Dar es Salaam, Rungwe hapa. Mawingu nane kwa nane." Maana yake mbingu yote imefunikwa. Nami humjibu, "Nimekupata, Mzee."

Siku niliyopanda treni, redio ya Rungwe ilikuwa na siku ya sita haisemi. Mkuu wetu alisema ni betri. Labda. Lakini mimi ndiye niliyeipokea sauti yake mara ya mwisho, na alikuwa akikohoa katikati ya tarakimu.

Mkobani nilikuwa na barua. Mnazijua barua za mwaka huu. Serikali inapunguza wafanyakazi, na kila anayeitwa kwa mkuu anarudi ameshika bahasha ya kaki akitazama sakafu. Hii ilisema kituo cha Rungwe kinafungwa na mtumishi wake anapunguzwa. Nilitumwa nimkabidhi, nichukue madaftari na chupa nane zilizojaa, nifunge mlango. Isingekuwa chupa, barua ingeenda kwa posta. Chupa haziendi kwa posta.

Nilisafiri na kreti la mbao lenye vyumba nane vilivyotandikwa sufi, tupu. Humo behewani kila mtu alikuwa na mzigo wa kuuza, maana biashara ilikuwa imefunguliwa na hata walimu walikuwa wamebeba masufuria. Jirani yangu, mama mnene mwenye robota la mitumba, alilitazama kreti langu kutwa nzima kabla ya kuuliza.

"Vifaranga?"

"Hapana, mama. Ni la chupa."

"Chupa za nini?"

"Za hewa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia vizuri. "Wewe ni wa wale wa mlimani? Mimi kwetu Tukuyu. Watu wanasema mlima umeshauzwa, kilichobaki ni kuufunga kwenye chupa."

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Haya," akageukia dirishani, na baada ya hapo hakuniuliza tena.

Mlimba

Mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli mbele ya Mlimba. Tuliambiwa saa tatu. Tukakaa siku mbili.

Wengine walifurahi. Palikuwa na wali na perege wa kukaanga, palikuwa na miwa, na wenye mitumba walitandika nguo zao pembeni ya reli wakawauzia wenyeji. Mimi nilikuwa nahesabu. Siku ya saba kimya. Siku ya nane. Nilikwenda kwa msimamizi wa kituo mara tano nikimwomba simu ya kwenda Mbeya. Mara ya tano alinijibu kwa upole unaoudhi: "Dada, huyo mgonjwa ni nani yako?"

Si baba yangu, si mjomba wangu. Nilijua kwamba hunywa chai ya rangi, kwamba panya wamemlia viatu, kwamba husema "bado tupo" badala ya kwaheri. Basi. Nikasema, "Ni mwenzangu kazini." Simu ilipopatikana, kule Mbeya hapakuwa na wa kuipokea.

Mbeya hadi Bulyaga

Nilishuka Mbeya asubuhi nikiwa na mchanga kwenye meno. Sokoni nilipata lori lililoshusha ndizi na kurudi Tukuyu tupu. Mwenyewe ni Bwana Masudi, mfanyabiashara wa Bulyaga, pale pale Tukuyu, mtu mrefu wa kofia ya kufuma, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea Mzee Ambakisye mafuta ya taa na unga mpaka ukingo wa msitu. Nilitaka kumkumbatia.

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

"Wiki ya tatu sasa. Hata yule mbeba mizigo wake, Gwakisa, nimemtuma akarudi njiani." Alibadilisha gia tukaanza kupanda, ukungu ukatufuata dirishani. "Akarudishwa, niseme hivyo. Kuna watu wa Lufingo, kijiji cha chini ya mlima, wameweka magogo njiani. Hawataki mtu wa kituo apande wala ashuke."

"Kwa nini?"

"Mvua ya mawe. Imepiga migomba na viazi, chai imebaki vijiti. Na wakati huo huo wanasikia mashamba ya chai yanatafutiwa wanunuzi, viwanda vinatafutiwa wanunuzi. Mtu akiona kila kitu kinauzwa, ukimwambia na hewa imeuzwa, atakataa kwa sababu gani?" Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Hilo kreti lako ungelifunika."

Nililifunika kwa khanga.

Kwake Bulyaga mkewe alitupa mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika kabisa pamoja na nyama, na maziwa mgando juu yake. Sikujua kama nina njaa kiasi kile. Nikiwa nakula Bwana Masudi alimwita Gwakisa. Akaja mtu wa makamo, mfupi, mchumaji chai, mwenye mabega kama ya fahali, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya kwao. R kwake ilikuwa l.

"Balabala ya Lufingo hatupiti," alisema. "Tunapitia Kawetele, tunaingia msituni kwa nyuma. Ni mbali, dada. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Yeye alitazama viatu vyangu. Mke wa Masudi akainuka, akarudi na mabuti ya mwanawe.

Kawetele hadi kituoni

Tulianza kukiwa bado na umande. Mashamba ya Kawetele niliyaona kwa macho yangu: migomba imechanwa majani hadi kwenye uti, mahindi yamelala. Mwanamke mmoja alikuwa anaokota viazi vilivyofukuliwa na maji. Gwakisa alimsalimu kwa Kinyakyusa, mkono mmoja kifuani, naye akajibu bila kuinua kichwa.

Msituni hakuna njia. Kuna matope, mizizi na upupu, halafu juu yake kuna mianzi iliyoshikana ambayo Gwakisa aliikata kwa panga huku mimi nikivuta kreti nyuma yangu kama mbuzi asiyetaka kwenda. Masikio yakaziba. Nikimeza mate yanafunguka kwa kishindo kidogo, halafu yanaziba tena. Kila nilipouliza bado kiasi gani alinijibu, "Tumefika," na baada ya saa nne za kufika nikaacha kuuliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na maana ya kunitia moyo.

Tulipotoka kwenye mianzi baridi ilinipiga usoni. Majani mafupi, mawe meusi, ukungu unakimbia chini chini. Nikaiona nguzo ya kupimia upepo, vikombe vyake vinazunguka, na kando yake kibanda. Hapakuwa na moshi.

Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Gwakisa akasukuma mlango kwa bega.

Alikuwa amelala kitandani na koti, kofia na mablanketi mawili, uso umekuwa kijivu, anavuta pumzi fupi fupi, na kila pumzi ilikuwa na mlio kama wa chungu kinachotokota. Kando ya kichwa chake kulikuwa na daftari la vipimo na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilisema, "Mzee Ambakisye. Mzee, unanisikia?"

Hakufungua macho. Midomo ikasogea. "Dar es Salaam," alisema. "Nakupata vizuri sana leo."

Nilikaa chini sakafuni.

Gwakisa aliwasha moto, akachemsha maji, tukamnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Ilikuwa kichomi, na cha muda. Alipopata nguvu ya kuzungumza aliniambia betri ilikufa siku ile ile aliyozidiwa, kwa hiyo hakuweza kumwita mtu. Nikachukua daftari. Alikuwa ameandika kila baada ya saa tatu, mchana wote, siku zote zile. Mwandiko ulianza ukiwa umenyooka, halafu ukaanza kuteremka, na kurasa za mwisho tarakimu zilikuwa zimetawanyika kama kuku. Lakini zilikuwepo. Nilipomuuliza alifikaje kwenye vipimo alisema, "Nilitambaa."

"Kwa nini, Mzee?"

"Kukiwa na pengo hawaamini na zilizobaki."

Kisha akaniuliza, "Umeleta betri?"

"Hapana."

Vikombe vya upepo vilikuwa vinalia nje. "Mtu anatoka Dar es Salaam mpaka huku bila betri," alisema. "Basi umeleta barua."

Nilimpa. Hakuifungua. Aliiweka kifuani chini ya koti akaniambia nifunge chupa vizuri, na kwamba ile ya mwezi wa tatu koki yake ni legevu, niibebe imesimama.

Mtu wa hali ile hashuki kwa miguu, na wawili hatuwezi kumbeba. Gwakisa aliteremka jioni ile ile akaahidi kurudi na watu. Nilibaki na mgonjwa. Sitawasimulia usiku ule. Nilimpa maji, nilihesabu pumzi. Asubuhi Gwakisa alirudi na wanaume watatu, wachumaji chai wenzake, wakakata mianzi miwili, wakafunga mablanketi, ikawa machela.

Kabla hatujaondoka Gwakisa alinivuta kando. "Dada. Kwa nyuma, kupitia Kawetele, na machela, ni kutwa nzima. Huyu hafiki. Kwa Lufingo ni saa tatu."

"Na magogo?"

"Yapo."

Nilimtazama Mzee. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikasema, "Lufingo."

Lufingo

Walikuwa wakitungoja. Magogo ya migomba yalikuwa yamepangwa kuvuka njia, na nyuma yake watu thelathini hivi, wengi wao wanawake wenye majembe, na vijana kadhaa wenye mapanga. Mbele alisimama mama mmoja mkavu, wa miaka sitini, shuka limefungwa kiunoni, mikono imepakaa udongo hadi viwikoni. Gwakisa alininong'oneza: Mama Subilaga, shamba lake la viazi limekwenda lote.

Wabebaji walitua machela. Gwakisa alisalimu kwa heshima akaeleza, kwa Kinyakyusa, kwamba kuna mgonjwa. Yule mama akaja mpaka kwenye machela, akamtazama Mzee usoni, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Pole. Mgonjwa apite. Chupa hazipiti. Zinavunjwa hapa."

Kijana mmoja alikwishashika kreti. Mzee Ambakisye akainua mkono kidogo. "Zisivunjwe," alisema. "Mama, nakuomba. Nimezijaza kwa miezi minane."

"Umezijaza nini?"

"Hewa."

Watu wakaguna wote pamoja. Ndilo neno ambalo hakutakiwa kulisema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilifikiri: wakiona hakuna kitu ndani watatulia. Nilitoa chupa moja sufini, nikaiinua juu wote waione, nikasema kwa sauti, "Tazameni wenyewe, ni tupu, ni upepo tu," nikafungua koki.

Chupa ikalia. *Fyuuu.* Mlio mwembamba, mrefu, na kipande cha jani kilichokuwa kidoleni pangu kikavutwa kikaganda kwenye mdomo wa koki.

"Imevuta!" Kijana mmoja alipiga kelele. "Mmeona? Imevuta!"

"Inanyonya hewa yetu!"

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, waliokuwa nyuma wakaja mbele. Mtu alinipokonya ile chupa akaitupa jiweni ikavunjika, nikasikia vipande vikinipiga miguuni. Wabebaji wawili waliiacha machela wakarudi nyuma. Niliona panga limeinuliwa juu ya kreti, na katikati ya vurugu ile yote mgonjwa wangu anakohoa, hapati pumzi, analala upande na hakuna anayemwangalia. Nikapiga magoti nikamwinua kichwa. Nilimwambia, "Mzee, waache wavunje. Wavunje zote, twende."

Akatikisa kichwa. Akaniambia nimkalishe.

Tulimkalisha, Gwakisa akimwegemeza mgongoni. Akaanza kusema kwa Kinyakyusa, taratibu, neno moja kwa kila pumzi, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo ilibidi wanyamaze ili wamsikie. Gwakisa alinitafsiria baadaye. Mzee alimwambia Mama Subilaga: "Mama, wewe hupanda kuchukua kuni kule kwenye mianzi. Ukishuka, masikio yako yanafanya nini?"

"Yanaziba," mwanamke mwingine alisema nyuma. "Halafu yanafanya *pu*."

"Kwa nini?"

Wakatazamana.

"Huku chini hewa ni nzito. Kule juu ni nyepesi. Ukitoka juu, sikio lako lina hewa ya juu, na hii ya huku inataka kuingia. Chupa ni sikio. Imetoka juu, imefunguliwa huku, hewa imeingia. Haikuiba. Wewe unaposhuka na kuni unaiba?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Niliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni anajishika sikio. Lakini Mama Subilaga alikuwa bado amesimama pale pale. "Maneno mazuri," alisema, sasa kwa Kiswahili tena. "Mtu wa mjini anakuja na kreti. Wewe unakaa juu miaka yote hiyo na mshahara. Nani anakulipa, kama hakuna kinachouzwa?"

Mzee alifumba macho. Nilidhani amezimia. Kisha akaingiza mkono chini ya koti akatoa ile bahasha, bado imefungwa, akanipa.

"Wasomee."

"Mzee, hapana."

"Wasomee, mwanangu. Hata mimi sijaisikia."

Basi nikaisoma. Nilisimama juu ya gogo la mgomba, mbele ya watu wasionijua, nikamsomea mtu aliyekuwa anahangaikia pumzi kwamba kutokana na zoezi la kupunguza watumishi wa umma anajulishwa kwamba kituo chake kimefungwa, nafasi yake imeondolewa, anashukuriwa kwa utumishi wake na anatakiwa kurudisha mali zote za ofisi. Sauti ilinikatika kwenye "anashukuriwa". Gwakisa alitafsiri kila sentensi, na aliitafsiri kwa ukali, kama mtu anayetema.

Nilipomaliza Mama Subilaga alimjia Mzee, akachuchumaa, akafuta jasho usoni pake kwa ncha ya shuka lake.

"Kumbe kilichouzwa ni wewe," alisema.

Kisha akageuka akawafokea vijana kwa Kinyakyusa, na magogo yakaanza kuondolewa. Wabebaji wangu walikuwa wamechoka. Wanaume sita wa Lufingo walishika machela bila kuombwa, akiwemo yule aliyevunja chupa. Tulishuka mbio. Mimi nilibeba kreti kichwani na chupa saba, na damu ilikuwa imejaa ndani ya mabuti yale ya kuazima.

Tukuyu

Daktari aliniuliza tulichelewa wapi. Nikamwambia ukweli, nusu saa njiani na siku mbili Mlimba. Akasema kama tungechelewa hadi jioni, asingekuwa na la kufanya. Mzee alichomwa sindano kila saa sita. Siku ya kwanza hakututambua. Ya pili aliomba daftari nikamkatalia. Ya tatu alikunywa uji, akauliza kama nimeibeba imesimama ile ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeibeba imesimama.

Nilitakiwa niwe nimerudi zamani. Nilikwenda posta kupiga simu, nikapata laini mara moja tu, nikapiga kelele kwamba mgonjwa yu hai na ninangoja. Sikusikia jibu. Labda ndipo maneno ya pango yalipoanzia.

Siku hizo zote nililala kwa Bwana Masudi, na mkewe alinifunga miguu kwa majani asiyotaka kunitajia jina. Jioni nilikaa kwenye benchi hospitalini nikitafuta namna ya kumwomba Mzee radhi. Siku ya nne nikajikaza. Nikamwambia nilimvunjia heshima, nilimsomea barua ya kufukuzwa kwake mbele ya watu wazima.

"Wewe hukunivunjia," alisema. "Ila mwandishi wake anaandika Kiswahili kibaya."

Asubuhi niliyopangiwa kuondoka na lori, Mama Subilaga alikuja wodini. Alikuwa amevaa viatu na kitenge kipya, na alikuja na mkungu wa ndizi na wanawake wawili wa Lufingo. Alimsalimu mgonjwa, akaketi kama wanavyoketi watu waliokuja na jambo. Mimi nilikuwa nafunga kreti.

Hatimaye akasema, "Tata," yaani baba kwa Kinyakyusa. "Nina maharage. Hayo tu ndiyo yamepona. Bado mabichi, nikiyaweka hivi yataoza. Nataka kuyaanika, lakini yakinyeshewa mara moja tena, sina kitu." Alikunja mikono mapajani. "Nimekuja kukuuliza. Leo itanyesha?"

Mzee Ambakisye alimtazama kama aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyotegemea kuisikia hapo. Kwa miaka yake yote juu kule alituma tarakimu Dar es Salaam kila asubuhi, nami nilizipeleka mbele, na sijui zilimfikia nani. Kutoka chini ya mlima wenyewe hajawahi kuja mtu kumuuliza.

"Niinueni," alisema.

Tukamwinua, mimi upande mmoja na yule mama upande mwingine, akasimama dirishani kwa miguu inayotetemeka. Rungwe ulikuwa wazi, isipokuwa mstari mweupe kwenye mianzi. Aliutazama. Akatoa mkono nje akaugeuza. Akauliza asubuhi umande ulikuwa mwingi au kidogo, na moshi wa majikoni ulielekea wapi. Mama Subilaga akamjibu kila moja kwa uangalifu mkubwa.

"Anika sasa hivi," alisema. "Saa nane uwe umeshayaanua yote. Usingoje uone wingu."

Wakaondoka karibu wakikimbia.

Lori la Bwana Masudi lilichelewa, kama kawaida ya magari ya ndizi, na tulipofika upande wa Lufingo ilikuwa imepita saa nane kidogo. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na wingu hata moja ninaloliona. Lakini kwenye nyua zote za kando ya barabara, si kwa Mama Subilaga peke yake, wanawake walikuwa wameinama wakikusanya maharage kwenye mikeka, watoto wakikimbiza ungo ndani, mtu akimwita jirani yake kwa sauti aharakishe.

Bwana Masudi alipunguza mwendo. "Wanakimbia nini hawa, na jua hili?"

Tulikuwa hatujamaliza kona inayofuata, tone la kwanza likapiga kioo.